Uzi wa Melito

Mkwe wangu Melito alikaa siku nne ameshika madhabahu ya Artemi, na mwanangu Deinia akakaa siku nne langoni na jiwe mkononi. Ndani ya ua wa mungu huyo hakuna anayethubutu kumgusa mtu. Akitoka nje, ni yeye na jiwe. Mwanangu mkubwa Trasilo, mume wa Melito, alianguka ngazi za ghala akafa, na Deinia akasema kasukumwa. Melito hakukana. Mimi mama wa marehemu nilivaa joho langu jeusi nikanyamaza.

Siku ya tano kuhani wa Artemi akatoa shauri. Uzi wa sufu ufungwe kwenye sanamu ya mungu, Melito ashike bumba lake na kulikunjua taratibu hadi bandarini; akipanda mashua, yu huru. Uzi ukiwa mzima, ni kama bado ameshika madhabahu. Ukikatika au akiuachia kabla ya hapo, Artemi amemtupa. Deinia alisimama juu ya vipande vya nguruwe dume wa kafara, akaapa kwa Zeu kwamba atauheshimu. Kazi ya kusokota nikapewa mimi, maana hapa hakuna anayenishinda.

"Mama, ulegeze kidogo," Deinia akaninong'oneza.

"Sijasokota uzi mbovu tangu nizaliwe, nianze leo kwa ajili yako?"

Nilipima njia ya chini, ile ya chemchemi: hatua mia sita. Nikasokota zaidi kidogo. Lakini asubuhi ya safari, Melito alipogeukia huko, Deinia akapiga kelele.

"Huko hapiti! Nimfa wanakaa kwenye maji yale. Mwenye damu mikononi akipita mbele yao, wanakausha chemchemi. Kiangazi mtakunywa nini, mate yenu?"

Watu wakaguna. Alisema kweli, na jambo hilo hapa kwetu hata mtoto anayetambaa analijua. Nilikuwa nimesahau kwamba Melito ana damu mikononi. Nilijichukia.

Ikabidi tuzunguke njia ya juu, iliyo ndefu zaidi. Melito alitangulia, nami nikafuata nyuma yake. Alimwinamia Herme wa jiwe, mlinzi wa wasafiri. Akapita kwenye karakana ya mfinyanzi, chini ya uso wa kuchongwa wa zimwi Gorgo uliotoa ulimi nje kufukuza husuda. Kwenye njia panda ya Hekate, mbuzi akaja akaushika uzi mdomoni.

"Mtu asimfukuze!" Deinia akafoka. "Mungu ndiye anayeamua."

Mbuzi akatafuna. Kisha akautema, haujakatika, akaenda zake kula mkeka wa mtu, na mimi nikajikuta nalia.

Bahari ikaonekana, Poseidoni ametulia siku hiyo. Bumba lilikuwa limebaki kama yai, likawa kama zeituni, likaisha. Melito akasimama na ncha kati ya vidole viwili. Mashua ilikuwa hatua arobaini mbele.

"Haya, shemeji," Deinia akasema, akilipima jiwe mkononi. "Mimi sina haraka. Utachoka tu."

Siku zote hizo Melito alikuwa amekula zeituni na kunywa maji tu. Nikaketi chini, nikavuta pindo la joho langu, nikaling'ata. Uzi ukatoka. Nikaufunga kwenye ncha yake kwa fundo la wafumaji, lile lisilofunguka.

"Mama! Hilo joho la msiba wa kaka!"

"Naona."

"Erini watakujia! Wale wenye nyoka kichwani hawamwachi mama anayeisaliti damu ya mwanawe. Watakunusa kama mbwa mpaka kaburini!"

Ninawaogopa. Nilikuwa nawaogopa hata pale nilipokaa. Lakini mikono iliendelea kufumua, mstari baada ya mstari, na Melito akapiga hatua.

"Waje," nikasema. "Joho hili nimelifuma majira matatu ya baridi, nikitengwa na chumba chao kwa ukuta mmoja tu. Kaka yako alipokuwa anampiga mkewe, niligonga ubao wa mtambo wa kufumia kwa nguvu, nisisikie. Nililitia rangi nyeusi alipokufa. Hao Erini wakiuliza damu ya nani ililia kwanza, nitawajibu."

Jiwe lilikuwa bado mkononi mwa Deinia, lakini uzi ulikuwa mzima, na alikuwa ameapa.

Joho likafika magotini, likafika kiunoni. Nilibaki na kanzu ya ndani mbele ya mji mzima, mwanamke wa umri wangu. Melito akaingia majini, akashika ubavu wa mashua, akapanda. Mvuvi akachukua makasia. Hapo ndipo Melito aliponigeukia, uzi bado mkononi, na mimi nikangoja anishukuru. Ndiyo, nilingoja hilo.

"Mama," akasema, "ule ubao nilikuwa nausikia. Kila siku."

Akauachia uzi.