Pijo Iliyogonga Swala

Jumanne hiyo, saa moja asubuhi, Doto alifungua gereji yake ya Isevya, akatundika kofuli kwenye msumari, akakuta fenda ya kushoto ya ile Pijo imebonyea tena. Alikuwa ameinyoosha Jumatatu mchana, na hiyo ilikuwa mara ya nne. Alivua shati, akavaa ovaroli, akachukua nyundo na kipande cha chuma cha kuegemezea kwa nyuma, akaanza upya.

Doto alikuwa amefanya kazi ya bodi za magari kwa miaka arobaini. Mjini Tabora, mtu akigonga punda au akikosea geti la nyumba yake mwenyewe, aliambiwa ampelekee Doto. Bati la kunyooshwa mchana na kubonyea asubuhi lilikuwa geni kwake, lakini bati lina mambo mengi, na hakuona sababu ya kupiga kelele.

Gari lilikuwa la Kornel, mtu wa makamo kutoka Dar es Salaam, aliyelirithi kwa baba yake, marehemu Mzee Anton. Ilikuwa Pijo 504 nyeupe. Mwaka 1974 Mzee Anton aliikimbiza katika Mbio za Maziwa, kutoka Mwanza hadi Mbeya kupitia Tabora, Sikonge na Ipole, akamaliza wa tatu. Sasa mbio hizo zilikuwa zimefufuliwa kwa ajili ya magari ya kale tu, na sharti lake kubwa lilikuwa moja: kila gari liwe vilevile lilivyokuwa siku ile. Nati ziwe za siku ile. Waya ziwe za siku ile. Puti ya kujazia mabonde ya bati na rangi za kisasa zilikatazwa. Kornel alikuwa amezunguka miaka miwili akitafuta vipuri. Taa ya kulia aliipata Lusu, ambako bibi mmoja alikuwa akiitumia kulishia vifaranga.

"Sitaki lipendeze, fundi," alimwambia Doto siku alipolileta. "Nataka liwe la kweli."

Doto akalifanya la kweli. Siku alipofunga kabureta ya asili, hapakubaki hata kijibolti kigeni katika gari lile. Kesho yake fenda ya kushoto ikabonyea. Keshokutwa asali ikaanza kutoka.

Ilitoka nyuma ya taa ya kushoto, ikateremka polepole kwenye wavu wa rejeta, kama nusu lita kwa siku. Zuwena, mke wa Doto, aliikinga kwa sufuria na kuichuja kwa kipande cha kanga safi. Jirani yao Bi Maua, muuza vitumbua, alikuja na kikombe.

"Hii ya msituni kabisa," alisema, akilamba kidole. "Siku hizi wanatuuzia sukari iliyochemshwa."

Nyuki walikuja kila siku saa nne na kuondoka saa kumi. Hawakumuuma mtu.

Jumanne hiyo mchana, fenda ikiwa imenyooka tayari, Kornel alifika na mkaguzi wa mbio, dada mmoja aitwaye Elieth, mwenye miwani, futi ya chuma na faili nene la picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni."

Elieth alilizunguka gari kwa saa nzima. Aligonga bati kwa kucha. Alilala chini akahesabu nati. Alipofika kwenye fenda ya kushoto akafungua faili, akatazama picha, akatazama fenda, akavua miwani.

"Mbonyeo uko wapi?"

"Nimeunyoosha," alisema Doto.

"Hii ni picha ya Mbeya, gari limemaliza tu. Lina mbonyeo hapa. Huo ni sehemu ya gari, mzee. Ukiutoa, gari si lile tena."

Kornel alicheka, akamshika Doto bega. "Kosa langu, fundi, sikukwambia. Nyumbani kwetu mbonyeo ule ulikuwa na jina kabisa. Baba aligonga swala pale Ipole, hakusimama, akamaliza wa tatu. Kila Krismasi alitusimulia."

Doto aliweka nyundo chini. "Ipole. Mwezi gani?"

"Wa nane."

"Mbonyeo utarudi," Doto alimwambia mkaguzi. "Kesho saa moja utakuwepo."

Elieth akaandika katika faili lake kwamba mbonyeo utakuwepo kesho saa moja, wakaondoka.

Doto alikuwa hajaionja asali ile. Sasa alichovya kidole kwenye sufuria, akalamba. Ilikuwa na moshi kwa mbali, na mwishoni, kooni, uchungu kidogo. Baba yake alikuwa mfuga nyuki Ipole, na aliwafukuza nyuki kwa kuchoma magome ya mti ambao wenzake hawakuutumia. Asali yake ilibaki na uchungu ule, na wateja wake walimjua kwa huo. Mzee huyo alikufa wakati Doto akiwa kijana, na magome yale hakuna aliyeyachoma tena.

Doto alichukua futi akapima kutoka ardhini hadi katikati ya pale penye mbonyeo. Kisha akaegemeza futi hiyo mwilini mwake, akafikiria kimo cha mtoto wa miaka kumi na moja. Akakaa juu ya tairi.

Walizaliwa wawili, Kulwa wa kike akitangulia, Doto akifuata. Mwezi wa nane mwaka 1974 Doto alikuwa na homa, kwa hiyo Kulwa alikwenda barabarani na mama yao bila yeye, kibuyu cha asali kichwani, kuwauzia watazamaji wa mbio. Mama yao, Josepha, alirudi jioni akiwa ameubeba mwili wake. Alisema lilikuwa gari jeupe, lakini siku ile vumbi lilikuwa limeyafanya magari yote meupe. Kituoni wakaambiwa hakuna dereva aliyeripoti kugonga mtu, na magari yenyewe yameshavuka mkoa. Mambo yakaishia hapo.

"Utamwambia?" Zuwena aliuliza alipokuja kubadilisha sufuria, akamkuta mumewe bado juu ya tairi na kusimuliwa yote.

"Nitamwambia."

"Halafu?"

Doto aliinuka, akairudisha nyundo kwenye sanduku.

Jumatano saa moja mbonyeo ulikuwepo. Elieth aliupima akalinganisha na picha, urefu, kina, hata mkunjo mdogo wa juu karibu na taa. "Sahihi," alisema. Asali ilimsumbua kidogo, kwa sababu kanuni zilikataza gari kudondosha kitu chochote barabarani. Alitazama picha tena kwa kioo cha kukuzia. Chini ya taa kulikuwa na michirizi myeusi ambayo miaka yote ilidhaniwa kuwa mafuta. Akaamua kwamba ni ya asili, ila kifungwe kikopo chini yake.

Kisha akachomoa kibati kidogo cha shaba cha kufungwa mlangoni, chenye historia ya gari, akamkabidhi Doto akifunge. Doto alikisoma. *Ipole: liligonga swala. Lilimaliza la tatu.*

"Hakuwa swala," alisema.

Akawasimulia. Hakupandisha sauti. Alitaja homa yake, kibuyu, magome, na kimo alichopima. Nyuki, ambao siku hiyo hawakungoja saa nne, walikuwa wameshafika, wakimzungukazunguka.

Kornel alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha alikwenda kwenye begi lake, akatoa daftari la ngozi lililochakaa. "Baba aliandika kila kitu," alisema. "Tazama mwenyewe, mzee wangu." Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kalamu ya wino. *Ipole, saa tisa na dakika kumi. Swala. Dakika hazikupotea.*

"Swala habebi asali," alisema Doto.

"Kweli," alisema Kornel. Alitazama asali. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na hayakuwa ya uongo. "Pole sana. Pole sana, mzee. Lakini baba hayupo. Nimuulize nani?"

Doto akamgeukia mkaguzi. "Neno moja tu, mwanangu. Badilisha neno moja."

Elieth alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa mtu mwenye huruma, na ilionekana. "Mimi nakuamini," alisema. "Asali naiona. Lakini kanuni inasema gari lifuate kumbukumbu za wakati wake. Kumbukumbu zote zinasema swala. Daftari, gazeti, cheti cha mbio. Nikiandika mtoto, gari litakuwa haliendani na nyaraka zake, na nitalazimika kuliondoa."

"Liondoe."

"Siwezi kuliondoa kwa kuandika kitu ambacho siwezi kukiandika, mzee."

Doto alifikiri juu ya maneno hayo hata yeye akaona hayana pa kushika. Kornel alichukua bisibisi akafunga kibati mwenyewe, skrubu nne, kwa upole, kama mtu aliyekuja msibani kusaidia kazi.

Jumapili ya mbio Doto alipanda basi la alfajiri kwenda Ipole. Habari zilikuwa zimemtangulia. Watu walikuwa wamesimama kando ya barabara na vikombe na chupa za maji, maana walisikia kuna gari la asali, na wafugaji nyuki wawili wakubwa walikuwa wakibishana kama asali ya miaka hamsini hunywewa vivi hivi au hupashwa moto kwanza. Waandaaji walikuwa wameiacha lami na kuchagua kipande cha barabara ya zamani ya vumbi, ili mambo yawe kama mwanzo.

Doto alimtoa mama yake nyumbani akamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Josepha alikuwa na miaka themanini, na macho yake yalikuwa na ukungu mzito. Doto hakuwa amemwambia neno. Alimwambia tu kwamba kuna magari.

Yakapita magari sita. Josepha alikuwa akikuna goti. La saba liliposikika mbali, upande wa Sikonge, mkono ukasimama.

Kabureta ilikuwa ileile, ekzosi ileile, na injini ilinguruma vilevile.

"Ndilo hilo," alisema.

"Ndilo, mayu."

Josepha alisimama. Doto alitaka kumshika, lakini alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea barabarani. Akainua mikono yote miwili juu, viganja mbele, kama mtu anayesukuma ukuta.

Kornel alimwona bibi kizee aliyeinua mikono. Mahali pote alipopita siku ile watu walikuwa wamempungia. Alipiga honi mara mbili, akatoa mkono dirishani, akampungia naye, akapita. Nyuki walipita nyuma yake. Vumbi likawafunika wote, na watu wa vikombe wakaanza kuinama kutafuta matone, kwa sababu kikopo kilikuwa kimeshajaa.

Josepha alibaki na mikono juu hadi mlio ulipopotea kuelekea Rungwa. Doto alimrudisha kwenye kiti, akampangusa vumbi usoni kwa leso.

"Hata leo hakusimama," alisema mama.

"Hakusimama."

"Watapita tena?"

"Wanasema mwakani."

Josepha alivisugua viwiko vyake vilivyokuwa vinamuuma.

"Basi mwakani uniwahishe," alisema. "Labda mikono siinui vizuri."