Bango la Coralie

Jumatatu asubuhi nilifungua mtandao wa ndani wa ofisi, na mashine yangu ikasema, "Picha. Bango la mwisho namba mbili." Ikanyamaza. Nikapita, kama ninavyopita picha zote.

Mimi ni kipofu tangu utoto, na sitaki pole ya mtu. Napokea simu za wateja kwenye shirika la maji hapa mjini Launceston, na kompyuta yangu hunisomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Kilichoandikwa, nasema. Mtu akiyatia maneno ndani ya bango zuri la maua na kulibandika kama picha, mimi sipati neno hata moja. Napata jina la faili, basi. Na dawa yake ni ndogo mno, kwa sababu kuna kisanduku cha kuandikia maelezo ya picha, ukikijaza mashine inasoma. Nimelisema hilo vikaoni mpaka mate yamenikauka.

Aliyenisikia alikuwa Coralie Pybus peke yake. Ndiye aliyeutunza mtandao ule kabla hajaugua, na hakuna picha iliyopita mikononi mwake bila maelezo. Tena hakuandika ya kumaliza kazi tu. Bosi wetu alipopigwa picha akizindua tangi jipya, Coralie aliandika, "Bosi ameshika mkasi. Suruali imembana, na anajua." Nilicheka mpaka mteja kwenye simu akauliza kulikoni. Maelezo hayo mwenye macho hayaoni, kwa hiyo wenzetu hawakuwahi kujua nachekea nini. Ulikuwa utani wa watu wawili katikati ya ofisi nzima.

Saratani ilipomtoa kazini nikawa nampigia kila Jumapili. Kwenda kumtazama alinikataza. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, ila ulimi ulikuwa wembe uleule.

"Murray," akaniambia, "siku yangu ikifika usikubali waniage kwa uongo. Watasema nilikuwa mpole. Wewe usimame useme nilivyo."

"Nitawaambia ulikuwa mchokozi, tena huna adabu."

"Niahidi, we mzee."

Nikamwahidi. Jumapili iliyofuata simu yake iliita bila kupokelewa, nikajiambia ni dawa tu, zimemlaza.

Kazi yake alikuwa amepewa Bronte, binti mchangamfu mwenye roho nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi, maana angekuwa mtu mbaya ningemtukana nikapumua. Sasa jueni tulivyo pale ofisini. Kitu kikishawekwa mtandaoni, hesabu yake ni kwamba kila mtu kaambiwa. Na kikiwa kitu cha majonzi, ndiyo kabisa, hakuna anayekugusia. Tunazungumza mvua, tunazungumza mpira, tunakupisha ujikaze mwenyewe. Huo ndio upole wetu.

Jumatano Bronte alikuja mezani kwangu, akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akauliza kwa sauti ya chini kama kesho nitakwenda nao au nitapenda kubaki na simu. Mimi nikadhani ni ile shughuli ya idara ya siku za kuzaliwa, ya chakula na mashindano ya kutambua sura za watu kwenye picha, ambayo huwa inanichosha roho.

"Nendeni nyie," nikasema. "Mambo hayo mimi siyawezi."

Akanibana bega, akasema ananielewa.

Basi wakaenda, nami nikashinda najibu simu za mabomba yaliyopasuka. Walirudi alasiri, kimya kuliko kawaida. Hawakunisahau. Aliyebaki kazini hufungiwa sahani, ndiyo desturi yetu, na wakaniwekea mbele yangu sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya foili. Zilikuwa lamington, zile keki laini za chokoleti zilizogaragazwa kwenye nazi. Nilikuwa na njaa. Nikala moja, nikaingia ya pili.

"Haya," nikauliza, nazi imenijaa mdomoni, "leo kazaliwa nani?"

Nikasikia kiti kikivutwa, na Bronte akakaa karibu yangu.

"Murray, si tumetoka kumuaga Coralie."

Nikairudisha keki iliyobaki sahanini. Bronte alianza kueleza mbiombio kwamba tangazo lilikuwa juu tangu Jumatatu, ukurasa wa mbele kabisa, kwamba bango lilitumwa na binti yake Coralie kutoka mji wa Perth, kwamba kila mtu alidhani mwenzake ameongea na mimi, na yeye mwenyewe nilipomwambia siwezi aliamini ni uchungu. Nikamuuliza nani alisimama kusema. Akasema binti wa Coralie aliliita jina langu pale kanisani, kama mama yake alivyoagiza, akaliita tena, na wao wakamnong'oneza kwamba nimeshindwa kuja. Kwa hiyo akasema padri.

"Alisema nini?"

"Alisema alikuwa mpole," akajibu Bronte.

Nilikwenda chooni nikajifungia, nikalia kama sijawahi kulia tangu mama yangu afe. Nilimwahidi yule mwanamke. Aliitegemea ahadi yangu mpaka anakata roho, na tangu Jumatatu mimi nilikuwa najibu simu hatua chache kutoka kwa watu walioijua saa na kanisa.

Kesho yake Bronte alikuja akiwa ametoka kulia, nilisikia kwa pua yake iliyoziba. Alitaka kuliondoa bango. Nikamkataza, nikamwambia anisomee. Akasoma jina, kanisa, saa.

"Na picha?"

"Ni yeye, anacheka."

"Coralie hakuniandikia hivyo hata siku moja. Yuko wapi? Kashika nini? Tazama vizuri, binti."

Akatazama. Akasema ni pale tulipochoma nyama kando ya mto, Krismasi iliyopita. Coralie amevaa aproni, mkononi ana koleo la kugeuzia nyama, upepo umemvuruga nywele. Kisha akaisogelea skrini.

"Kuna mtu pembeni yake," akasema. "Picha imemkata nusu. Naona fimbo nyeupe. Ni wewe, Murray. Anakucheka wewe."

Nikamwambia afungue kile kisanduku aandike kama ninavyomtajia, neno kwa neno, asipunguze kitu. Akaandika huku analia. Alipomaliza nikafungua ukurasa upya, na mashine ikasoma kwa ile sauti yake isiyojali mtu.

"Coralie Pybus ameshika koleo la kuchomea nyama. Hakuwa mpole. Alikuwa mchokozi, na hakuna aliyenipenda kama yeye. Anamcheka rafiki yake, ambaye alimwahidi kusimama aseme hivi, na hakuambiwa."

Nikairudisha, ikasoma tena. Ndiyo hotuba yangu hiyo, na wenye macho hawaioni.