Mechi Ambayo Baba Hakuiuza

Ukiuliza timu yetu ilikufaje, watakuambia mwenyekiti aliuza mechi, watu wakaikataa timu, na uwanja sasa wanaegesha malori. Waongo wakubwa. Mwenyekiti alikuwa baba yangu. Aliianzisha timu ile na wenzake wa kiwanda cha viatu, akawa anabeba maji kwa baiskeli yake kumwagilia nyasi. Aiuze yeye?

Uwanja haukuwa na chumba cha kubadilishia nguo. Wachezaji walivalia dukani kwangu, mimi fundi cherehani, nyuma ya pazia, wakanijazia tope kwenye vitambaa vya watu. Niliwasema mpaka nikachoka, wakanicheka tu. Mume wangu ndiye aliyekuwa golikipa. Siku ile sare tu ingetupandisha daraja, na dakika za mwisho mpira wa kuokota ukampita katikati ya miguu. Uliteleza, basi. Hakuna hujuma wala nini.

Alikuja mbio dukani, uso umempauka. Nikatia komeo, nikasogeza meza ya kukatia mlangoni. Lakini mji mzima ulijua anakovalia, na punde wakafika. Niliwatambua kwa sauti: kinyozi, muuza mkaa, wanaume niliowapima suruali kwa mikono yangu. Wakataka atolewe. Mmoja akasema petroli ipo. Jamani, niliogopa.

Mara nikasikia sauti ya baba, pale pale mlangoni, akiomba wamsikilize. Nikamshukuru Mungu. Mzee wanamheshimu, nikajiambia, atawatuliza waende zao. Nikachungulia penye ufa wa ubao. Alikuwa amevua kofia.

"Mwacheni huyo kijana," alisema. "Mechi niliiuza mimi. Yeye alifuata amri yangu."

Wakamzunguka. Kisha nikasikia teke la kwanza, na baba akaanguka chini ya dirisha langu.

Nikaurukia mlango. Nilitaka kupiga kelele kwamba anadanganya, kwamba hakuuza chochote, kwamba ni mpira tu umeteleza. Sikuwahi kufungua kinywa. Mume wangu alinivuta kwa nyuma, akanibana ukutani, akaniziba mdomo kwa glavu yake yenye tope.

"Nyamaza, mke wangu," alininong'oneza. "Watajua nipo."

Aliniachia walipomaliza.