Mshiriki wa Kumi na Saba

Naapa kwa jicho langu linaloona, na hata kwa lile lisiloona, kwamba haya yote ni kweli tupu, sijatia chumvi hata punje.

Mtaani walimwita Bi Dodoso, maana hakuingia nyumba ya mtu bila dodoso lake la kurasa tisa. Alikuwa mwaka wa sita wa udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano, akichunguza jinsi serikali inavyowatunza wazee. Pendekezo lake la utafiti lilikataliwa mara mbili, la tatu likapita kwa kuchechemea. Kibali cha maadili kilimlia miezi minane. Wenzake walishahitimu, na mama yake alishaacha kuuliza. Kilichobaki ni makala moja iliyochapishwa. Bila hiyo haruhusiwi kutetea tasnifu, na muda wake chuoni ulikuwa unaisha Disemba.

Akahoji wazee ishirini wenye kadi ya dawa za bure. Kumi na tisa walimwambia yale yale: dawa zinachelewa, foleni ndefu, magoti yanauma. Mshiriki wa kumi na saba, fundi simu mstaafu, alimwona mtoto wa watu anavyoficha miayo, akamhurumia.

"Mwanangu, za wafu hujazisikia?"

"Wafu gani, babu?"

"Wanaochukua dawa. Jirani yangu kafa, huu mwaka wa kumi na moja, na vidonge vyake vya presha vinachukuliwa kila mwezi. Juzi daktari kamwongezea dozi, eti hajapunguza chumvi."

Bi Dodoso akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Akaiokota, akaandika kila neno.

Kwenye rasimu aliweka "mshiriki mmoja alidai." Msimamizi wake, profesa mwenye haraka kama mtu anayefukuzwa, akalikata "mmoja" kwa wino mwekundu.

"Mmoja ni umbea, binti. Weka 'baadhi ya washiriki.' Na hao wafu wapandishe juu, wawe kichwa cha makala."

"Lakini, Profesa, ni mmoja kweli."

"Unataka kuhitimu au hutaki?"

Akaweka baadhi. Makala ikatoka, mama yake akaitundika sebuleni. Wizarani nao wakaisoma. Katika waraka wao "baadhi" wakawa "wengi," na amri ikashuka: kila mzee aje mwenyewe aweke kidole kwenye mashine, asiyesomeka kadi yake ifutwe. Profesa akapiga simu kumpongeza. Tasnifu haijajalidiwa, alisema, na tayari imekuwa sera!

Mshiriki wa nne alikuwa dobi. Miaka arobaini ya sabuni na magadi ilikuwa imevisugua vidole vyake vikabaki laini kama mgongo wa kijiko. Mashine ikamkataa mara saba.

"Mama, mashine inasema hupo," karani akamwambia.

"Basi iulize, hii miguu inayouma ni ya nani?"

Foleni nzima ikacheka. Akarudi nyumbani bila vidonge vyake vya presha. Wiki ya sita mshipa ukapasuka kichwani, wakamzika.

Bi Dodoso alizikuta habari hizo alipokuwa akipita nyumba kwa nyumba na nakala za makala, kuwashukuru washiriki. Binti wa dobi aliipokea mlangoni, akasoma ukurasa wa kwanza amesimama, akamrudishia.

"Siku ile mama alikupa kiti," alisema. "Yeye akakaa juu ya beseni."

Bi Dodoso akatoka hapo moja kwa moja hadi kwa fundi simu. Na hapa sina tena pa kujificha: fundi simu ni mimi.

Hakupiga hodi.

"Babu, yule jirani alizikwa wapi?"

"Kule makaburi ya ng'ambo ya mto, mwanangu. Mvua siku hiyo—"

"Mto gani, babu? Hapa hakuna mto."

"Nilitaka tu ucheke kidogo."

"Nilicheka," alisema.

Angeweza kunyamaza. Utetezi ulikuwa wiki mbili mbele, na aliyejua ukweli ni mimi, ambaye mtaa mzima unajua nisivyoaminika. Lakini alikaa mezani kwangu akaandika barua ya kuifuta makala, na humo akajitaja mwenyewe kuwa ndiye aliyemgeuza mmoja kuwa baadhi. Profesa akasema hakumbuki wino wowote mwekundu. Utetezi ukaahirishwa, Disemba ikapita, jina lake likaondolewa chuoni. Amri ya vidole imebaki palepale. Wizarani walisema mashine zimeshanunuliwa.

Mimi alinisukumia karatasi ya pili. Nikaandika kwamba nilidanganya, nikatia sahihi, nikaipeleka kwa miguu yangu kwenye dirisha la kadi. Karani akaisoma. Akamwita mkubwa wake, naye akaisoma, wakanong'ona.

"Mtoa taarifa za uongo hana haki ya huduma, mzee. Kadi."

Nikaitoa mfukoni, nikampa. Nikamuuliza kama dawa zangu za kisukari za mwezi huu ninaweza kuzichukua kwanza.

"Sogea pembeni, mzee," alisema. "Anayefuata!"