Kutu Tumboni mwa Mama Mkwe

Kosa lilikuwa la mzee Théophile, wala simfichi. Mtu mzima unanunua mashine kuukuu ya boti, halafu unaibatiza jina la mke wako? Unachinja mbuzi, unawaita majirani, unatangaza kwamba kuanzia leo mashine hii ni Mama Safi. Haya. Kwa watu wetu, anayebeba jina la mama mkwe wako naye ni mama mkwe wako, hata akiwa mtoto wa jana. Humtazami usoni, humgusi, na habari ya kumvua nguo ndiyo usiseme kabisa.

Na mashine ikavuja.

Fundi wa kuitibu alikuwa mmoja tu upande ule wa mto Lualaba. Ni Zéphirin, mume wa Emilienne, binti wa huyo huyo Mama Safi. Mume kwa shida, lakini. Emilienne alikuwa amerudi kwa wazazi wake, sasa miezi miwili. Hakupigwa, hakunyimwa chakula. Alichoka kuishi na mwanaume anayeingia jioni, anakula, analala, neno hatoi. Théophile akamtumia mkwewe ujumbe: mchele lazima ushuke mtoni Ijumaa. Mashine ikipona, tutazungumza habari ya mke wako. Isipopona, usirudi hapa kumuulizia.

Zéphirin alifika Jumatano asubuhi na mfuko wake wa funguo za ufundi, hakuwa amelala. Nyumba bila Emilienne ilikuwa imemshinda, ingawa hakuwa amemwambia mtu. Alichungulia kwa mbali. Maji yanayovutwa mtoni kuipoza mashine yalikuwa yanatokea ubavuni na kumwagika ndani ya boti. Watu wa Théophile walikuwa wameziba kwa sabuni, kisha kwa bugali wa muhogo. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuona ufa ulivyozibwa pale.

Akashika ufunguo, akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Kasimu, kaka yake Mama Safi, akamkamata.

"Mukwe, unataka kumuvua mama yako nguo mbele ya watu?"

Kikao kikaanza. Mmoja alisema mashine ibadilishwe jina. Wakamjibu kwamba mbuzi ameshaliwa, nani atamtapika? Mwingine alisema Zéphirin afungwe kitambaa machoni, lakini mikono je, nayo itafungwa? Jua likapanda hivyo. Mwishowe Mama Safi mwenyewe, Mama Safi wa nyama na damu, aliyekaa pembeni amejifunika kitenge na kumpa mkwewe mgongo, akamnong'oneza kaka yake, na kaka akatangaza:

"Mama anasema, mutoto wa kike anaweza kumuosha mama yake."

Basi Emilienne akaingia botini. Zéphirin akakalishwa kwenye gogo, mgongo kwa mashine, uso kwa mtu anayefua nguo ng'ambo.

"Fungua misumari ya kifuniko," alisema Zéphirin. "Mmoja mmoja. Ukilazimisha, msumari utavunjika, kutu imeushika. Utie mafuta kwanza, ungoje."

"Nimengoja. Umeachia."

"Ndani unaona nini?"

"Kutu tupu. Tumbo lote limeliwa."

"Mwambie mukwe wangu," Mama Safi akamwambia kaka yake, "mimi tumbo langu halina kutu."

Kasimu akapeleka ujumbe. Zéphirin akaomba radhi kwa mgongo. Halafu akamwambia Emilienne akwangue mpaka chuma king'ae, achukue nyundo ndogo, agonge pole pole kila mahali.

"Gonga. Sogea. Gonga tena. Hapo. Hapo ni pembamba, sauti yake imekufa. Weka alama ya makaa."

Matundu yalikuwa manne. Kila nyundo ilipogonga, Mama Safi aliguna na kushika kiuno, watu wakampa pole. Zéphirin alieleza jinsi ya kukata kipande cha shaba, jinsi ya kutandika mpira wa baiskeli chini yake, gundi ya chuma ipakwe wapi, misumari ikazwe kwa zamu ili kipande kisipinde. Bomba lililooza likatolewa, jipya likaingia. Emilienne aliuliza, yeye alijibu. Mke alipokosea, mume alimwambia si kitu, rudia. Jua lilikuwa linashuka Emilienne alipomimina ndoo ya maji ndani, wakangoja wote, hata anayefua aliacha kufua.

"Hakuna tone," alisema Emilienne.

Wakaiwasha. Ikakohoa, ikanguruma, maji yakatoka mahali pake. Théophile akacheka mpaka machozi, kisha akakuna kidevu, maana yule ni mzee wa hesabu zake mwenyewe.

"Lakini aliyeitengeneza ni binti yangu," alisema. "Wewe mukwe umekaa tu kwenye gogo. Sasa nikupe nini?"

Watu wakaona ana haki. Zéphirin pia akaona ana haki. Akaanza kukusanya funguo zake.

Emilienne alishuka botini, mikono myeusi mpaka viwiko, akaja kusimama mbele yake.

"Toka asubuhi umenisemesha," alisema. "Miaka sita, sijawahi kukusikia hivyo. Mashine imepona. Kesho utaniambia nini?"

Zéphirin aliweka mfuko chini. Kifuniko, shaba, kutu, hayo yote yalikuwa yamekwisha. Aliitazama ile mikono, vidole viwili vimechubuka, damu imechanganyika na mafuta.

"Inauma?" aliuliza.

Emilienne alimwonyesha vidole.

"Inauma sana," alisema, akachukua mfuko wa funguo akautia begani.