Kwa Nini Ziri Aliondoka

Kadi sita zilikuwa na maneno. Ya saba haikuwa na hata sentensi moja. Ilikuwa picha tu ya mwanamke wa rangi ya udongo, akitoka kwenye lango la kisima na kwenda zake mchangani, mgongo kwa anayemtazama. Chini palikuwa na jina lake, Ziri, basi. Kadi hiyo isiyozidi kiganja cha mtoto ndiyo iliyowakosesha raha watu wazima wa Garsen kwa mwaka mzima.

Aliyeileta ni Shee, mwenye duka, mtu wa Kipini. Mwaka wa tisini na sita alinunua Mombasa katoni ya wanasesere wa plastiki kwa bei ya kutupa. Kila pakiti ilikuwa na mwanasesere mmoja wa urefu wa kidole, na kadi ya habari zake. Walikuwa walinzi saba wa kisima cha mwisho katika nchi iliyokauka. Shee alidhani watoto watawagombania. Watoto waliwachezea wiki moja wakawachoka. Waliogombana ni wakubwa.

Tuneya alikuwa wa kwanza kuugua ugonjwa huo. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kijijini Wema, na alinunua walinzi wote saba akidai ni wa kufundishia hesabu. Hesabu gani hiyo, aliulizwa na rafiki yake Dahabo, isiyovuka saba? Walicheka mpaka Shee akatoka kuuliza kuna nini. Tangu hapo, kila siku ya soko, Dahabo akishauza maziwa yake na Tuneya akishaegemeza baiskeli yake ukutani, walikaa barazani kwa Shee wakabishana juu ya Ziri.

Shee alishikilia kwamba Ziri alikwenda kufanya biashara, kwa kuwa hakuona sababu nyingine ya mtu mwenye akili kusafiri. Charo, fundi wa baiskeli, alisema kiwandani wino uliisha, na kwa neno hilo akapatanisha maadui, maana wote walimgeukia yeye. Lakini ubishi wenyewe hasa ulikuwa wa wale wanawake wawili. Tuneya, mtoto wa wakulima wa kando ya mto, aliona jambo liko wazi: mwenye kisima na shamba hainuki akaenda ila amewachoka wenzake. Dahabo, mtoto wa wafugaji, aliona wazi vilevile kwamba kisima kilikuwa kinakauka, na lazima mtu atangulie kutazama mvua imenyesha wapi. Kwao watu wa kutangulia ndio wanaopendwa kuliko wote.

Walikuwa wamekaa dawati moja mpaka darasa la nane, na mama zao walijuana kabla yao. Kila kiangazi ng'ombe waliposhuka mtoni kupitia malka, ile njia ya mifugo inayoachwa wazi kati ya mashamba, Dahabo alifika Wema na kibuyu cha maziwa. Kibuyu hakikurudi kitupu hata siku moja. Mama yake Tuneya alikitia mahindi au mchele, na mwaka wa njaa alikitia maembe mabichi, akaona haya, lakini akakitia. Mvua ikianza Dahabo na watu wake walirudi tambarare, na Tuneya alibaki akihesabu miezi. Hakuwahi kumwambia mtu jinsi miezi hiyo ilivyomwia mirefu.

Mwaka wa tisini na saba, kiangazi kikielekea ukingoni, Dahabo alisema barazani, kwa furaha iliyomponyoka, kwamba mawingu yameonekana upande wa bara na huenda wakahama kabla ya mwezi kwisha. Tuneya alikuwa amemshika Ziri mkononi. Moyo ulimchoma, akasema asilokusudia.

"Ziri wako ni mwongo. Hakwenda kutafuta mvua kwa ajili ya mtu. Anapenda kwenda, basi. Anaowaacha si kitu kwake."

Dahabo alijifunga mtandio wake vizuri, akaondoka bila kuaga. Kibuyu cha asubuhi kilikuwa bado kiko Wema. Jioni ile Tuneya alikiosha mwenyewe, akakifukiza moshi kama alivyofundishwa na Dahabo, na mjomba wake Dahabo, mzee Galma, alipopita na ndama, akampa. Hakutia kitu ndani. Mama alikuwa shambani. Galma alifunua kifuniko, akachungulia, akafunika tena, akashukuru kwa adabu. Tuneya alijiambia kwamba ni hasira ya siku mbili, na kwamba wiki ijayo atakijaza mpaka kifurike.

Wiki iliyofuata watu wa Dahabo walikuwa wameshahama. Kisha zikaja mvua za Elnino ambazo hazikujua kukoma. Mto ulivunja kingo, Wema ikawa ziwa, watu wakaishi juu ya kiinuko wakingoja chakula cha msaada kilicholetwa kwa ndege. Duka la Shee liliingia maji hadi dirishani. Walinzi saba wa Tuneya walichukuliwa na mto pamoja na vitabu na kuku, naye hakuwalilia. Habari zilizotoka tambarare zilikuwa za ng'ombe kufa kwa homa, na baada yao watu. Alimuuliza kila mfugaji aliyemwona. Wengine hawakujua, wengine walijibu kwa mkato, na hakuelewa kwa nini. Viangazi viwili vilipita, ng'ombe wa watu wengine wakashuka malka, wa kina Dahabo hawakushuka.

Mwezi wa nane wa tisini na tisa Shee alirudi kutoka Mombasa na katoni mpya. Alimtumia Tuneya salamu aje upesi, toleo la pili limefika, huenda siri imefichuliwa. Tuneya alikwenda mbio kama mtu aliyeitiwa barua. Wakakuta mambo ni yale yale: kadi sita zimeongezewa maneno, ya saba imebaki tupu. Charo akaanza upya na wino wake. Shee akasema sasa anaanza kuamini kwamba hata waliomtengeneza Ziri hawajui alikokwenda. Tuneya, kwa sauti iliyotaka kuwa ya mzaha, alirudia kauli yake ya zamani kwamba aliwachoka.

Mzee Galma alikuwa ameketi kwenye gunia la sukari, akinywa chai. Amekonda, na ndevu zimegeuka nyeupe. Aliingia kununua majani ya chai, na alisikiliza ubishi ule mwanzo hadi mwisho bila kucheka. Aliiomba kadi, akaitazama sana.

"Hawa sita anabaki kisimani," alisema. "Walimfuata huyu?"

Mwaka mzima wa kubishana, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza hilo.

"Hatujui, mzee," Shee alisema. "Haikuandikwa."

"Basi shida si ya huyu. Ni ya waliobaki."

Tuneya alimfuata nje. Alitaka kuuliza kwa utaratibu, afya kwanza, mifugo kisha, lakini jina la Dahabo lilimtoka kabla ya salamu. Galma alimweleza kuwa yuko hai. Mama yake alifariki wakati wa homa. Ng'ombe wamebaki wanne. Ana mtoto wa kike, na wanakaa mbali, mwendo wa siku tatu, wakinywesha kwenye bwawa la maji machafu.

"Mbona hawaji mtoni, baba? Njia wanaijua."

"Kile kibuyu ilirudi tupu, mwalimu. Mama yake alishika, akaona hakuna kitu. Akasema, basi, wamekataa maziwa yetu. Tusiwasumbue tena. Dahabo alilia sana, lakini mama akisema, amesema."

Tuneya alikuwa akijua kwamba kurudisha chombo kitupu ni utovu wa adabu. Hakujua kwamba kwa watu hao ni talaka. Miaka miwili alikuwa amekaa Wema akimlaumu aliyeondoka, kumbe yeye ndiye aliyemfukuza, na mama wa watu alikufa akiamini hivyo. Kisha akamuuliza Galma anarudi lini.

Galma alikuwa akirudi tambarare kesho yake alfajiri, na kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa, Tuneya aliamua kufuatana naye. Mama yake Tuneya alikuwa uani akipepeta mpunga. Alisikiliza habari yote, ya kibuyu pia, ambayo hakuwahi kuambiwa, na mikono yake ilisimama hapo tu.

"Utarudi lini?" aliuliza.

Tuneya alifungua kinywa ataje siku. Lakini huenda kina Dahabo wameshahamia mbele zaidi. Huenda akakataliwa mlangoni, au akabakizwa mwezi. Hakuwa na siku ya kutaja.

"Nitarudi, Mama."

Mama alimtazama. Tuneya aliujua uso ule. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe kila mwaka, mvua zilipoanza. Alitamani kuapa, akaona kiapo hakitasaidia. Nje Galma alikohoa kumkumbusha kwamba jua linapanda. Mama aliinamisha kichwa akaendelea kupepeta, na Tuneya alisimama pale pale, mzigo begani, akingoja aaminiwe.