Jasmini ya Nyuma ya Choo

Godelive alipanda jasmini yake nyuma ya choo, na sababu hakumficha mtu: choo kilinuka. Kitawi alikitoa kwenye bustani ya masista, kwa njia ambayo masista hawakuambiwa. Kikashika, kikakwea mabati, kikavuka hadi ukuta wa jirani yake, Régine. Huyu Régine waliimba naye kwaya moja, na kila Jumapili wakitoka misani alimkumbusha kwamba maua hayaliwi, na kwamba nyoka wanapenda baridi.

Mwezi wa tano vita vikaingia mji wao wa Bunia, mashariki ya Kongo, mtaa kwa mtaa. Wenye bunduki wa upande huu wakawafukuza wenye bunduki wa upande ule, kisha wakaanza kuwasaka wale wa upande ule ambao hawakuwahi kushika bunduki. Régine alikuwa wa upande ule. Alikuja kwa Godelive mbio, kiatu kimoja mguuni.

Godelive hakuwa na dari wala stoo. Alikuwa na mwanya kati ya choo na ukuta, wa kumtosha mbuzi, na jasmini ilikuwa imeufunika juu na mbele kama pazia.

"Ingia pale."

"Pa choo?"

"Kama unatafuta salon ya wageni, endelea na njia."

Régine akaingia.

Alasiri ile ile kundi la wapiganaji likaichukua nyumba ya Godelive, likamwachia jiko. Mkubwa wao, Komanda Rodrigue, alikuwa mtu mnene anayejipaka manukato kabla ya kwenda kuua watu. Harufu ya jasmini ilimteka. Akaweka kiti chake uani, upepo umletee, akawa anatoa amri zake hapo macho yamefumbwa.

Godelive alipeleka bugali na sombe ya majani ya muhogo ndani ya ndoo ya maji, chini ya kitambaa, akavipitisha kwenye tundu la mabati. Alienda choo mara nyingi hivi kwamba wapiganaji wakaanza kumcheka. Komanda mwenyewe akamletea vidonge.

"Kunywa hii, mama. Tumbo kama yako inaweza kuua mutu."

Godelive akashukuru, akampa Régine, maana tumbo lililokuwa likiendesha kweli, kwa hofu, lilikuwa lake.

Siku moja komanda akaja na panga. Alitaka kuikata jasmini yote, aipambe jeep yake, apite nayo mjini watu wamwone. Panga lilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Régine, lakini ulimi wa Godelive haukuwahi kulegea tangu abatizwe.

"Kata tu, komanda. Ila maua ingali kidogo, batu batakucheka. Ungeiacha inenepe. Masista balisema inapenda mikojo ya banaume."

"Masista balisema hivyo?"

"Kwa Kifaransa."

Komanda akalishusha panga. Kifaransa hakikuwa kitu cha kubishana nacho.

Godelive alikuwa amefikiria wakojoe kwenye ndoo, mikojo ichanganywe na maji, aimwagilie yeye mwenyewe. Wapiganaji waliona ndoo ni mambo ya wagonjwa. Asubuhi iliyofuata walijipanga mbele ya jasmini, wakaifungulia suruali kwa nidhamu ambayo hawakuionyesha popote pengine. Ng'ambo ya majani Régine alikuwa amejikunja, midomo imebanwa, akiipokea mikojo yote iliyovuka mizizi. Godelive alikuwa amejifungia chooni, akisikiliza.

Ndipo Régine akapiga chafya.

Mistari ya mikojo ikakatika. Godelive akapiga chafya palepale, akaongeza nyingine, kisha akajamba kwa nguvu zake zote, kwa ajili ya jirani.

"Mama, weye uko mule?" mmoja akauliza.

"Nikuwe wapi? Mukojoe, mutoke. Mutu hapati hata choo yake kwa amani."

Wakacheka, wakamaliza, wakaenda zao.

Jasmini ikanenepa majani, maua yakapungua, na komanda akawa anangoja. Alikuwa bado anangoja wakati wanajeshi wa Kifaransa walipotua uwanja wa ndege, na amri ikatoka kwamba wenye silaha wahame mji. Siku ya kuondoka alimwomba Godelive kitawi. Godelive akakikata, akakifungia udongo mbichi kwenye kopo la maziwa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Jeep ilipopotea barabarani, alikwenda kumvuta Régine. Miguu yake ilikuwa imesahau kunyooka.

"Nilisikia," Régine akasema, akiwa bado chini. "Umemupa maua. Yule muuaji."

"Nilimupa maua. Ulitaka nimupe weye?"

Régine aliomba maji. Godelive akamwekea beseni katikati ya ua, mchana kweupe, akamvua nguo zilizomgandia mwilini. Régine alianza kulia alipoguswa mabega, bila sauti, na Godelive akawa anamsugua mgongo polepole mpaka kipande cha sabuni kikamwishia mkononi.